Re: N-426 ya kijana wangu, nani anamjua wakili wa jeshi?

Mama Baraka, Silver Spring:
Ndugu zangu, habari za jioni. Kijana wangu yuko jeshi la akiba la Marekani, mwaka wa pili sasa, anaomba uraia. N-400, ile fomu ya kuomba uraia, tumejaza, picha tayari, imebaki N-426 tu, ya kuthibitisha utumishi wake jeshini, isainiwe kikosini. Aliipeleka Machi. Aprili akaambiwa ofisa amehamishwa. Mei akaikuta mezani pale pale, kikombe cha kahawa juu yake, duara la kahawia limekaa kwenye jina la marehemu baba yake. Ajaze nyingine! Swali langu ni moja: lazima asaini mtu wa kikosi chake, au ofisa wa kambi nyingine anaweza? Aliyepitia anisaidie.

Baba Zuhura, Laurel:
Pole sana dada. Wangu alikuwa jeshi la kudumu 2018, wakati ule walitaka siku 180 za utumishi kwanza, mpaka mahakama ilipofuta mambo hayo 2020. Tulihangaika. Aende kwa JAG, wakili wa jeshi, pale kambini, hawatozi hata senti. Au mwandikie Anthony Brown, Mwanasheria Mkuu wa jimbo letu la Maryland. Yule jeshi analijua. Baba yake daktari aliyekulia Jamaika, mama Mswisi. Alitoka Harvard 1984 akawa rubani wa helikopta jeshini, kisha akarudi kusoma sheria, akawa JAG wa akiba. 2004, akiwa mbunge wa jimbo, aliitwa Iraki akaenda. Baghdad walimpa kazi kwenye wizara ya watu waliohama makwao. Aliyehangaika na wakimbizi atamwelewa mama wa Kitanzania.

Mwanamvita, Baltimore:
Mzee, kwa heshima zote, usimpoteze dada wa watu. Brown alistaafu jeshi 2014, akiwa kanali. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hana amri juu ya jeshi la shirikisho. Barua itarudi na majibu ya upole, basi. Na mbona hakuna aliyemwambia kwamba N-426 ikishasainiwa ina miezi sita tu? Ya mdogo wangu ilipitwa siku tisa, akaanza upya.

Baba Zuhura:
Sikusema ana amri. Nimesema ataelewa. Kuna tofauti.

Rehema, Towson:
Mwanamvita, usimvunje mzee. Mimi Januari 2025 nilikuwa na mimba ya miezi saba, mimi na mume wangu wote tuko kwa viza ya masomo. Ilipotoka ile amri ya Rais Trump ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa hapa na wazazi wenye viza kama zetu, sikulala. Nilikaa jikoni na simu hadi saa tisa usiku. Kesho yake Maryland ilikuwa kwenye orodha ya majimbo yaliyokwenda mahakamani, na jina la Brown lilikuwepo. Mei mwaka ule ule akatoa ukaguzi wa vifo mikononi mwa polisi: vifo 36 vilivyopaswa kuandikwa mauaji. Huyo ndiye mwanasiasa wa mrengo wa kushoto ninayemtaka.

Mwanamvita:
Kazi nzuri, sikatai. Lakini kushoto? Alipokuwa bunge la Washington, 2017 hadi 2023, alikaa na Wademokrati wa katikati. Tusigawe vyeo ovyo.

Rehema:
Na alipokuwa Naibu wa Gavana O'Malley? Jimbo lilifuta hukumu ya kifo 2013. Mwaka mmoja kabla, wapiga kura waliwaruhusu watoto wasio na makaratasi kulipa karo ya mkazi. Binti wa jirani yangu ni muuguzi leo kwa sababu hiyo.

Babu Kondo, Hyattsville:
Wanangu, kushoto tulikuona sisi. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kule Ruvu, Tanzania. Saa kumi na moja filimbi, mchakamchaka gizani, umande mpaka magotini, halafu uji wa moto kwenye kikombe cha bati. Mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima jembe moja. Azimio la Arusha tulilisoma kwa sauti. Kwa hiyo nikisikia mwanajeshi ameingia siasa kutetea wanyonge, mimi namwamini haraka. 2014 nilijitolea kumpigia Brown kampeni ya ugavana, nikagonga milango mpaka kiatu kikaachia. Alishindwa na Hogan, nikaumia kama ndugu yangu. Miaka minane baadaye akarudi, akashinda uanasheria mkuu, mweusi wa kwanza Maryland. Nilimpigia simu dada yangu Kibaha kumwambia. Akaniuliza, we kaka, utarudi lini?

Baba Zuhura:
Babu, umenigusa. Uji ule na sukari guru.

Mama Baraka:
Shikamoo babu, na asanteni wote. Kijana anarudi kikosini Jumamosi na fomu mpya, nimeitia kwenye bahasha ya plastiki. Kwa JAG pia ataulizia. Ila lile la ofisa wa kambi nyingine, bado sijaelewa. Kuna yeyote?