Maiki za dramu za metali: kiki inageuka tope, matoazi yanafunika kila kitu

mwamba_wa_nyakato:

Wakuu habarini za muda huu. Tupo vijana wanne hapa Mwanza tunapiga metali (rock nzito ya magitaa), ndio metali, Mwanza, chekeni mmalize 😂 sasa tunataka kurekodi nyimbo zetu wenyewe maana studio tulizozunguka ni kale kachumba ka kuimbia tu, biti inatoka kwenye kompyuta, ukiwaambia unakuja na dramu seti nzima wanakuangalia hivi. Sehemu ya mazoezi tunayo huku Nyakato, chumba cha kawaida, juu bati halina dari, chini simenti.

Vifaa: saundi kadi ya chaneli 8, maiki za SM57 tatu, SM58 mbili, AKG D112 moja (ya kiki) na kondensa (maiki zinazonasa sauti ndogo ndogo) mbili nyembamba za bei poa. Dramu tumeazima kanisani: kiki moja, ile dramu kubwa ya mguu (jamaa ana pedo dabo), sneya, tomu mbili za juu, flo tomu, na matoazi: haihati, krashi mbili na raidi.

Shida ni kwamba mpigaji wetu akianza kukimbiza miguu kiki inakuwa tope, zile du-du-du-du zinageuka duuuuu moja, halafu matoazi yanafunika sneya yote. Maiki ya kiki tumeiweka pale kwenye tundu la mbele kama wanavyoweka kanisani. Tuna kama laki tano hivi, kuna mtu anatushauri tununue kondensa nyingine kali. Ni kweli au tutapigwa? Natanguliza shukrani.

fundi_mikisa:

Mwangaluka mkuu. Hiyo laki tano usiitoe kwenye maiki, ulizonazo zinatosha kurekodi kitu cha maana. SM57 na SM58 ni ndugu wa tumbo moja, kapsuli zao (kile kiini kinachonasa sauti) zote zimetokana na ile Unidyne III ya Shure, kwa hiyo 58 ukiiweka kwenye flo tomu hakuna msikilizaji atakayekushtukia. Pesa nunua ngozi mpya. Dramu za kanisani nazijua, ngozi ya sneya imebandikwa selotepu mpaka haionekani, hapo hata ulete maiki ya milioni itarekodi selotepu.

Sasa kiki. Piga hesabu: tempo 200, miguu inapiga noti za kumi na sita, yaani nne kwa kila biti, kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 75 tu. Dramu yako ikivuma nusu sekunde maana yake pigo la kwanza halijanyamaza na mengine sita yameshaingia juu yake, lazima iwe tope. Pale kwenye tundu la mbele ndipo upepo na mvumo wote unapotokea, kwa kwaya inayoenda taratibu ni patamu, kwa metali ndo panakuua. Ingiza hiyo D112 ndani, isimame sentimita 5 mpaka 10 kutoka kwenye ngozi inayopigwa, ielekee pale nyundo inapogonga, ukitaka mlio mkali zaidi isogeze karibu, ukitaka tumbo irudishe nyuma kidogo. Weka blanketi ndani liguse ngozi zote mbili lakini usilijaze kama gunia. Halafu angalieni nyundo za pedo, kama ni za manyoya badilisheni, plastiki au mbao ndo inatoa ile "tka" inayopenya katikati ya magitaa. Zamani watu wa thrash (metali ya kasi) walikuwa wanabandika mpaka sarafu kwenye ngozi, ila inachana ngozi na nyie mmeazima, bora kipande cha kadi ya benki iliyoisha muda mbandike kwa tepu nzuri pale nyundo inapotua.

sukuma_bass:

Naunga mkono ngozi mpya, ila jamani tusidanganyane, metali nyingi mnayoisikia siku hizi kiki ina triga au sampo ndani yake, yaani pigo lililorekodiwa pembeni linawekwa juu ya pigo halisi. Mnaumiza kichwa bure. Rekodini hivyo hivyo, kiki mtabadilisha baadae kwenye programu.

fundi_mikisa:

@sukuma_bass sibishi kwamba wanatumia, hata mimi natumia. Lakini programu inahitaji kuona kila pigo likiwa limesimama peke yake, ukiipa tope itakosa mapigo na itaongeza ya uongo pale sneya inapovuja. Kwa hiyo maiki ya ndani mnaihitaji tu, sampo au bila sampo.

Cha kufanya mkimaliza kurekodi kabla hamjagusa stendi yoyote, mpigaji apige kila dramu peke yake, nguvu tofauti tofauti, kila pigo aliache life lenyewe. Hizo ndo sampo zenu, za seti ile ile na chumba kile kile, mtachanganya chini ya kiki halisi na haitasikika kama mashine ya kushona.

dada_wa_saundi:

Mmesahau upande wa matoazi. Mdogo wangu shida yako ya pili ni bati hilo. Kondensa mkizipandisha juu karibu na bati zinasikia toazi mara mbili, moja kwa moja na ile inayorudi kutoka juu imechelewa kidogo, inakuwa kelele chafu isiyotibika kwa EQ (kupunguza au kuongeza besi na treble). Ning'inizeni godoro juu ya seti, mablanketi mazito ukutani nyuma ya mpigaji, kapeti au mkeka mnene chini. Na angalieni hali ya hewa, mvua ikianza kwenye bati siku imeisha, hizi zetu za ziwani zinapenda usiku na alfajiri kwa hiyo msipange kukesha.

Ovahedi, yaani zile kondensa za juu, ziwekeni moja kushoto moja kulia, kama mita moja juu ya matoazi, zikishindikana kwa ajili ya bati shusheni. Halafu chukueni kamba, mwisho mmoja katikati ya sneya, pimeni mpaka maiki ya kwanza, kamba ile ile mpaka ya pili, urefu ulingane. Hili watu wanalipuuza sana. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, zikipishana sentimita 17 tu hiyo ni nusu milisekunde, na ukizichanganya pamoja unakula sneya pale kwenye 1000 Hz, mnabaki kusema sneya haina nguvu kumbe mmeiua wenyewe kwa fezi, yaani mawimbi ya maiki mbili yanapingana na kufutana. Kwenye kuchanganya ovahedi kata sauti za chini mpaka 300 au 400 Hz, kwa metali kazi yake ni matoazi, mwili wa dramu unatoka kwenye maiki za karibu.

SM57 ya sneya ikae vidole viwili juu ya ukingo, ielekee katikati, na MGONGO wake uangalie haihati. Maiki hiyo ni kiziwi kwa nyuma, itumie.

mwamba_wa_nyakato:

Asanteni sana aisee, dada umenimaliza na hiyo kamba. Basi hesabu yangu ni D112 kiki, 57 sneya na tomu mbili, 58 flo tomu, kondensa mbili juu, hapo saba. Ile 58 iliyobaki niweke haihati?

dada_wa_saundi:

Haihati achana nayo, itaingia yenyewe kwenye kila maiki mpaka uichukie. Weka chini ya sneya kwenye nyaya, ila geuza fezi yake kwenye programu maana ngozi ikienda kwake inaikimbia maiki ya juu. Sikiliza kabla na baada ya kugeuza, ile yenye besi zaidi ndo sahihi. Kama raidi ikizama ukishasikiliza majaribio, hapo ndo uihamishie raidi chini ya kikombe chake.

Geini (kiasi cha sauti kinachoingia) pia, mwambie mpigaji apige kama anavyopiga kwenye wimbo, sio vile vipigo vya adabu vya kutest, kilele kisizidi dB -10 hivi, rekodi biti 24.

sukuma_bass:

Na mkishabadilisha ngozi msizitoe kabla ya kurudisha kanisani 😂 mwalimu wa kwaya atawaazima tena.