Yah: Kuwasilisha utafiti wa mwani Vienna – viza, bango na hoja yenyewe

Kutoka: mwanafunzi wa uzamivu, Leeds

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi. Ikisiri yangu imekubaliwa katika mkutano mkuu wa Umoja wa Sayansi za Dunia wa Ulaya, ambao kwa kawaida hufanyika Vienna mwezi wa Aprili au Mei. Utafiti wangu unahusu wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja na mustakabali wa kazi yao kadiri bahari inavyozidi kupata joto. Nimepangiwa bango katika kikao cha taaluma mseto. Naomba ushauri kuhusu viza, kwa kuwa nina pasipoti ya Tanzania na naishi Uingereza. Jambo linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni namna ya kueleza joto la bahari, uchumi wa kaya na nafasi ya wanawake mbele ya watu ambao kila mmoja amebobea katika kipande kimoja tu.

Kutoka: mwanajumuiya, Bremen

Marahaba, dada, na hongera sana. Nianze na viza kwa sababu haisubiri. Ukaazi wa Uingereza haukupi ruhusa ya kuingia nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa hiyo utaomba viza ya Austria, nchi unayokwenda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yanatakiwa yawasilishwe angalau siku 15 kabla, lakini usiitegemee hiyo ya siku 15, kwa kuwa miadi hujaa mapema na uamuzi unaweza kucheleweshwa hadi siku 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ambatisha barua ya kukubaliwa kwa ikisiri, barua ya chuo inayoeleza kwamba utarudi kuendelea na masomo, na uthibitisho wa nani anagharimia safari. Hakikisha pia kwamba pasipoti unayosafiria ndiyo iliyosajiliwa katika akaunti yako ya uhamiaji ya Uingereza, kwa kuwa siku hizi hali ya ukaazi huhakikiwa kwa njia ya mtandao.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Wanafunzi wengi wa taaluma mseto hugawa bango lao katika safu tatu, moja ya sayansi ya bahari, moja ya uchumi, moja ya jamii, kisha humwachia msomaji kazi ya kuziunganisha. Msomaji husoma safu anayoifahamu, akaondoka. Nakusihi uanze na swali moja ambalo hakuna taaluma inayoweza kulijibu peke yake, na kwa utafiti wako swali hilo lipo wazi: kwa nini mkulima wa Jambiani, kijiji cha pwani hiyo ya mashariki, asiuhamishie mwani wake kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi sana kama kwenye maji mafupi ya ufukweni?

Angalia swali hilo linavyowalazimisha watu kusikilizana. Mwanabiolojia atasema kwamba kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, hufa kwa urahisi maji yakipata joto, ilhali spinosamu, aina ya bei ya chini, huvumilia. Mtaalamu wa bahari atakuonyesha vipimo vya joto. Lakini kilimo hiki, kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kilienea mikononi mwa wanawake kwa sababu kilifanyika mahali wanapoweza kufika kwa miguu maji yakitoka. Maji ya kina yanahitaji chombo na yanahitaji mtu anayejua kuogelea. Vyombo kwa kawaida ni vya wanaume, na wanawake wengi hawakupata kufundishwa kuogelea. Hapo kipimo cha joto kinageuka kuwa suala la nani anamiliki nini, na mwanafizikia aliyesimama mbele ya bango lako ataelewa kwa nini hesabu zake hazikutosha. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amefanya kazi kwa miaka mingi katika makutano hayo hayo, pamoja na majaribio ya nyavu za mirija, ambamo mwani hukuzwa ndani ya wavu wenye umbo la bomba, kwa ajili ya maji ya kina, na ingekuwa upungufu mkubwa bango lako lisipoonyesha kwamba limesimama juu ya kazi iliyofanyika nyumbani.

Neno moja kuhusu wakati ujao. Katika mikutano hii utaona michoro ya makadirio ya tabianchi inayofika mwaka 2100, nayo ina nafasi yake. Mkulima wa mwani, kwa upande wake, hupanga kazi kwa bamvua, kwa sababu ndipo maji yanapotoka vya kutosha kufika shambani, na hupanga matumizi kwa bei atakayopewa na mnunuzi msimu huu. Weka vipindi vyote viwili kwenye mchoro mmoja, uonyeshe uamuzi gani wa leo unafunga au unafungua njia ya miaka ishirini ijayo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utafiti wako unapochangia jambo ambalo wengine hawalioni.

Kutoka: mwanajumuiya, Reading

Mwanangu, nakubaliana na kaka wa Bremen, nami naongeza machache ya vitendo. Chapisha bango kwenye kitambaa, ukubwa wa A0, yaani milimita 841 kwa 1189, likiwa la kulala. Litakunjwa ndani ya begi na hutalipia mzigo wa ziada. Muulize msimamizi wako mapema kama chuo kinaweza kutoa fedha kabla ya safari, kwa kuwa utaratibu wa kulipa mwenyewe na kurudishiwa baadaye huwaumiza sana wanafunzi wanaotuma fedha nyumbani.

La mwisho ni picha. Kibali cha utafiti hakikupi ruhusa ya kuweka sura ya mtu ukutani Vienna. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria kuna heshima ya wale kina mama waliokupa muda wao wakiwa ndani ya maji. Wapigie simu, waeleze picha itaonekana wapi na kwa nani, na anayekataa picha yake iondolewe. Ukiwa nao kwenye simu, wasomee kwa Kiswahili yale unayokusudia kusema juu yao, usikilize wanaporekebisha, kisha ndipo upeleke bango kwa mchapaji.