Kuwakusanya vijana watukutu kambini: utafiti unasemaje?

Mwalimu, Wete
Assalaam alaykum. Skulini kwetu tunakusudia kuwapeleka kambini wavulana 9 wanaotoroka masomo na kupigana, wakae pamoja wiki mbili na kupewa nasaha. Juzi niliwaona barzani: mmoja akisimulia alivyoruka ukuta, wenzake wakicheka na kumpigapiga bega. Je, hatutawazidishia?

Mchangiaji, Unguja
Waalaykumu salaam, mwalimu. Khofu yako ina msingi. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1939 ulianza utafiti wa wavulana 506 waliogawanywa kwa kurusha sarafu. Nusu walipata washauri, msaada wa masomo na, kwa baadhi yao, kambi za kiangazi, na nusu hawakupewa kitu. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia utu uzimani na mwaka 1978 akaeleza kwamba waliosaidiwa, kwa vipimo kadhaa, walikuwa na hali mbaya zaidi. Uchambuzi uliofuata ulionesha madhara hasa kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Kicheko ulichokiona barzani ndiyo tuzo ya utukutu wao, na nasaha zetu wazee hazishindani nayo.

Mchangiaji, Chake Chake
Mwanasaikolojia Muzafer Sherif naye, mwaka 1954 Oklahoma, aliwagawa wavulana 22 wa kawaida makundi mawili. Mashindano yakazua uhasama, nao ukapungua walipolazimika kushirikiana, hata kulivuta lori kwa kamba. Wachanganye na wenzao watulivu, kazi iwe ya kweli.

Mwalimu, Wete
Ahsanteni sana. Nitapendekeza wagawanywe wawili wawili kwa mafundi wa vyombo vya baharini, pamoja na wanafunzi wengine.