Tupeane uzoefu: muziki wa nyumba nzima, wewe uliufungaje?

Wa_Donholm

Habari zenu wote. Naona wengi tunajenga au kukarabati, na swali la kufunga spika kila chumba halikosi kuulizwa. Majibu mengi huwa majina ya kampuni tu, mtu hasemi kilichompata nyumbani kwake. Hebu tusimuliane: nyumba yako ni ya aina gani, ulifunga nini, na nini kilikusumbua?

Nianze mimi. Niko kwenye maisoneti ya zamani, kuta za mawe ya inchi tisa, slabu katikati. Nilinunua spika nne za waifai za kampuni moja, pesa nilizoweka kidogo kidogo tangu Januari. Sebuleni karibu na rauta, raha tupu. Jikoni wimbo ulikuwa unakatika kila maikrowevu ikiwashwa kupasha maziwa, ikizima muziki unarudi. Juu chumbani, kimya. Nikaona nimeuziwa spika mbovu, nikazirudisha kwenye maboksi yake.

Kijana mmoja fundi wa mtandao akaniambia, "Mzee, ngoja kwanza." Akatandaza waya kutoka kwenye rauta, ukapanda ngazi, akachomeka kisambaza waifai cha pili juu ya kabati. Spika ya chumbani ikaimba papo hapo. Ya jikoni, ambayo imetenganishwa na sebule kwa mlango tu, akaihamishia gigahezi 5, yaani masafa ya pili ya waifai, kwa sababu maikrowevu huvuma palepale kwenye yale ya 2.4. Hizo 5 nazo zikikutana na jiwe hudhoofika haraka kuliko 2.4, kwa hiyo juu lazima pawe na kisambazaji chake. Ndiyo maana leo mtu akiniuliza anunue spika za Sonos au za kampuni gani, nami namuuliza waya wake wa mtandao utapita wapi.

Mjengo_Utawala

Umesema kweli kabisa. Sisi tulilifikiria swali hilo mapema, nyumba ikiwa bado kwenye lenta. Paipu zikalazwa kabla slabu haijamwagwa, mbili kila chumba: moja ya Cat6, yaani waya wa mtandao, nyingine ya waya wa spika. Zote zinashuka kwenye kabati chini ya ngazi, ndiko amplifaya inakaa. Vyumbani ni spika za kawaida za dari, hazina programu wala waifai. Teknolojia ikibadilika nitabadilisha kisanduku kimoja kabatini, dari siigusi.

Lakini siku ya zege hakuna aliyeziba midomo ya paipu. Ya chumba cha wageni ilijaa simiti, na mpaka leo chumba hicho hakina muziki. Chaneni karatasi ya mfuko wa simiti, ikunjeni, isukumeni kwa kidole mpaka ikaze. Acheni uzi wa nailoni ndani ya paipu wa kuvutia waya. Halafu pigeni picha kila ukuta kabla ya plasta, futi ya kupimia ikionekana.

Na waya wenyewe! Niliuziwa roli mjini nikaambiwa ni shaba. Nikakwaruza uzi mmoja kwa kisu, ndani mweupe pe: alumini iliyopakwa shaba juu. Nikairudisha siku hiyo hiyo. Tafuteni shaba tupu, milimita mraba 1.5 kwa vyumba vya karibu, 2.5 kwa vya mbali.

Mpangaji_Umoja

Mimi ni mpangaji, kutoboa ukuta siruhusiwi. Nilianza na spika mbili za Bluetooth zisizo za aina moja, ya jikoni ikawa inachelewa kidogo nyuma ya ya sebuleni. Ukisimama koridoni unasikia mwangwi, kichwa kinauma. Baadaye nikapata spika za AirPlay 2, mfumo wa Apple wa kurusha muziki kwa waifai, ambazo hujipanga zenyewe ziende pamoja. Shida ni kwamba mume wangu anatumia Android, akawa hawezi kuweka wimbo mpaka aombe simu yangu. Sasa tuna za Google Cast, mfumo kama huo wa Google, tumezipanga kuwa kundi moja, kila simu inaingia. Tazameni simu zilizomo nyumbani kabla ya kununua.

Binti_Langata

Mama yangu ana miaka 74 na simu ya kubofya. Tulipomfungia mfumo wa kisasa alikaa wiki nzima bila redio yake, na hakulalamika. Nilipogundua roho iliniuma sana. Ndugu yangu akamwekea kitufe kimoja kando ya kitanda: akibonyeza, Radio Taifa inafunguka kwenye spika yake na ya jikoni. Akibonyeza tena inazima. Sasa akipika anapandisha sauti mwenyewe.

Fundi_wa_Stima

Niongeze mawili. Binamu alimletea mteja wangu amplifaya kutoka Marekani, akaichomeka moja kwa moja. Kule stima ni volti 120, hapa ni 240. Ilitoa moshi kabla hajaondoa mkono kwenye swichi. Someni nyuma ya mashine: mkiona 100–240V, sawa. Mkiona 120V pekee, bila transfoma msiiguse.

La pili, watu wanaunganisha spika nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) sambamba kwenye tundu moja la amplifaya. Hapo mzigo unashuka mpaka omu 2, na mashine nyingi za nyumbani zinataka 4 au zaidi. Itajizima, au itaungua. Na rauta iwekeeni betri yake ndogo, maana stima ikirudi spika zinaamka kabla ya rauta na zinakosa mtandao.

Mpenzi_wa_Santuri

Mimi natumia Raspberry Pi tatu, vikompyuta vidogo vya bei nafuu, na programu ya bure ya kucheza muziki iitwayo Lyrion. Ilizaliwa na vile visanduku vya muziki vya Squeezebox ambavyo Logitech iliacha kuvitengeneza 2012, na wapenzi wake wameitunza mpaka leo. Nyimbo zangu ziko kwenye diski ya nyumbani, kwa hiyo intaneti ikikatika muziki unaendelea. Inataka subira siku za kwanza.

Wa_Donholm

Asanteni sana. Binti_Langata, hicho kitufe ni cha aina gani, na kinatumia betri? Mama mkwe anahamia kwetu mwezi ujao na sijamfikiria hata mara moja. Jumamosi kijana anarudi kuutoa ule waya kwenye ngazi aupitishe ukutani, nitamwambia ashushe mmoja zaidi mpaka chumba chake.