Bolingi ya Marekani ilitokaje kituo cha TV cha ABC ikaishia kwenye kebo?

pini_kumi: Wakuu, nasikia zamani bolingi (ule mchezo wa kuvingirisha tufe kuangusha pini kumi) ilikuwa kitu kikubwa sana kwenye TV ya Marekani, kila Jumamosi mchana watu wamekaa. Ilikuwaje ikahamia ESPN, chaneli ya michezo ya kebo?

mzee_wa_straiki: ABC walirusha ziara ya PBA (chama cha wachezaji bolingi wa kulipwa) kuanzia 1962 mpaka 1997, mtangazaji Chris Schenkel. PBA yenyewe ilianzishwa 1958 na Eddie Elias. Utamu ulikuwa mfumo wa ngazi, wanabaki wachezaji watano, wa tano anacheza na wa nne, mshindi anapanda kwa wa tatu, hivyo hivyo mpaka anamkuta aliyeongoza ambaye yeye anacheza gemu moja tu, akiteleza basi kazi ya wiki nzima imeenda. Kwa TV ule mfumo ni dhahabu jamani. Na 1967 Jack Biondolillo akapiga 300, yaani alama zote za gemu, laivu, ya kwanza kuonekana nchi nzima!

kebo_tu: Watazamaji walipungua, ABC wakaachia. Mwaka 2000 wakaja watu waliowahi kufanya kazi Microsoft wakainunua PBA, na ESPN ndo ikawa nyumbani kwa miaka mingi. Pale ndo mchezaji Pete Weber 2012 kashinda US Open ya bolingi, ya tano kwake, akapayuka "unajiona nani wewe? Mimi ndiye!" 😂 mpaka leo sijaielewa. 2019 wakahamia vituo vya FOX na FS1.

pini_kumi: Hahaha hiyo ya Weber naitafuta sasa hivi. Asanteni.