Makadirio ya sola yanapishana yuniti 4 kwa siku, nimwamini fundi yupi?

Mgosi_wa_Mlimani: Habari zenu wakuu. Nina nyumba ya wageni Lushoto, nataka paneli za kilowati 5 na inveta ya kilowati 4. Fundi wa kwanza kaniambia nitapata yuniti 20 kwa siku. Wa pili kasema 16, tena Julai zitashuka zaidi. Paneli zilezile, paa lilelile, na wote wanaapa wametumia data za setilaiti. Nani ananipiga?

Nyaya_Tatu: Huenda hakuna. Waulize data wametoa wapi. NASA POWER, yaani data za bure za NASA, inatoa mionzi ya jua kwa miraba ya digrii 1, huku kwetu ni kama kilomita 110 kila upande. Mraba mmoja unakubeba wewe na ukungu wako pamoja na Mombo kule chini kunakowaka. Wastani wake ni jua lisilo lako wala la Mombo. Ingia PVGIS, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kukadiria umeme wa sola, ni bure. Humo kuna data za aina mbalimbali: chagua SARAH, miraba yake ni kilomita 5 hivi; ERA5 iache, inakaribia 30. Weka alama kwenye paa lako kabisa, na uiache ihesabu kivuli cha milima.

Kishoka_Mstaafu: Mnamchosha bure. Mimi natazama paa, natazama mawingu, nataja bei.

Nyaya_Tatu: Na betri zikilala Julai, simu unapokea? 😂

Dada_Volti: Mgosi, hata mraba ukiwa mdogo, angalia na muda. Data za PVGIS ni za saa kwa saa. Chukua saa moja yenye mawingu ya kupitapita: nusu saa paneli zinatoa kilowati 4.8, nusu nyingine 2.2. Wastani 3.5, kwenye karatasi inveta yako haijazidiwa. Kumbe ile nusu ya kwanza inveta imekata kwenye 4, kikomo chake, kwa hiyo wastani uliopata ni 3.1. Na kama una betri, usikubali wastani wa mwezi. Siku tatu za ukungu mfululizo hazionekani humo, na ndizo zitakazokuzimia taa wageni wakiwa bafuni.

Mgosi_wa_Mlimani: Asanteni sana. Nimempigia wa kwanza, kakiri aliweka alama Mombo kwa sababu "ni mkoa huohuo". Wa pili alitumia SARAH. Dada_Volti, nikichukua inveta ya kilowati 5, ongezeko la bei linarudi kweli kwa mawingu yetu haya?

Dada_Volti: Nitumie bei zote mbili nikupigie hesabu.