Seva inalala kila umeme ukikatika, fundi ananiambia NINA KIDOLE

Wakuu salamu baadaye. Nipo Mwanga hapa Kigoma natetemeka kwa hasira, yule jamaa mnamjua wote sina haja ya kumtaja, ndo alotufungia seva ofisini na hela akamaliza kuchukua kabla hata boksi halijafunguliwa. Leo umeme umekatika ukarudi, mashine imewaka vizuri taa zinapepesa, mfumo wa mizigo haufunguki!! Foleni imefika Ujiji. Nampigia, naweka spika wateja wasikie kwamba tunashughulikia, jamaa anajibu kwa kuvuta maneno, "Bosi iwashe mwenyewe, si una kidole?" SPIKA IKO WAZI. Mama mmoja wa mawese kacheka mpaka kakalia dumu lake.

Nina kidole! Kwa hiyo mimi ndo swichi? Saa nane usiku niamke nije kuandika apachectl start, amri ya kuwasha Apache, ile programu inayorusha mfumo wetu? Kidole, jamani, mbele ya wateja.

MgebukaMkavu: Pole mkuu. Ila kidole unacho au huna?

BintiGungu: 😂😂 Kaka huyo kastati hakuinebo, yaani hakuiambia ijiwashe yenyewe. Kustati kunawasha sasa hivi tu, mashine ikizima ndo basi. Piga sudo systemctl enable apache2, kama seva yako ni CentOS, aina nyingine ya Linux, weka httpd badala ya apache2.

Mleta uzi: Inasema hiyo sevisi haipo. Na bado sijasahau KIDOLE.

MzeeWaKibirizi: Basi kaikompaili mwenyewe kutoka sosi, yaani kaijenga kutoka kodi ghafi badala ya kuweka ile iliyo tayari, ikifungwa hivyo haiji na faili ya sevisi, inabidi uiandike uweke /etc/systemd/system ndo uinebo. Hebu chungulia /etc/rc.local, faili ya amri za kuendeshwa mashine ikiwaka, wa aina yake hutupia amri humo halafu hawapigi chmod +x kuipa ruhusa ya kuendeshwa, basi systemd, ile inayowasha sevisi, inaipita kimyaa kama haijaiona.

Mleta uzi: Mzee wangu shikamoo. Ipo humo na haina hiyo x. NAMPIGIA TENA.

MgebukaMkavu: Mpigie kwa kidole.

Nzega_Boy: Nyie mnalia na seva, huku Tabora wa kwetu kanifungia kamera inaangalia ukuta wa jirani, nimeibiwa kuku wote nina video ya ukuta.

BintiGungu: Kamera afadhali. Mimi pasiwedi ya ruta kaondoka nayo, kifurushi nalipa mimi anatumia yeye na shemeji zake.

MgebukaMkavu: Hee kumbe ile waifai ni yako dada? Jana usiku ilikuwa slo sana, lipia kubwa kidogo.